Venice usiku 3: tulale Mestre au ndani ya mji wenyewe?

Mwanamaji_Tanga
Wakuu salama? Ijumaa ndiyo mwisho wa kulipia malazi. Chumba cha Mestre, mji wa upande wa bara, ni karibu nusu ya bei ya kile cha ndani ya Venice. Nichukue kipi? Nataka kutembea na kula wanakokula wenyeji, si kufuata kibendera cha muongoza watalii.

Dada_wa_Padova
Mwezi gani? Mko wangapi? Mabegi? Mnatua Marco Polo au Treviso? Bila hayo tunapiga ramli tu.

Mla_Pweza
Ramli ya nini, alale ndani. Mestre ni maghorofa na vituo vya basi. Ndani, watalii wa kutwa wakishaondoka jioni vichochoro vinabaki na wenyewe. Asubuhi unawahi soko la Rialto barafu ikiwa bado inamwagwa kwenye meza za samaki. Upande wa samaki ni Jumanne hadi Jumamosi, na ukifika saa saba mchana unakuta wanaosha sakafu. Ukitoka hapo ingia bacaro, vile vibaa vidogo vya kusimama: unaonyesha kwa kidole cicchetti (vitafunwa vidogo) unazotaka kwenye kabati la kioo, unakula hapohapo kaunta. Ukikaa mezani mara nyingi bei inapanda.

Msafiri_Thika
Mla Pweza anaongea kama pesa zinaokotwa. Treni ya Mestre hadi Santa Lucia, stesheni ya Venice yenyewe, ni dakika kumi hivi, tiketi haifiki euro 2, na ukitoka stesheni Mfereji Mkuu uko miguuni pako. Ila tiketi ya karatasi igonge kwenye kimashine kabla ya kupanda. Kuwa nayo mfukoni haitoshi. Isipogongwa, mkaguzi anakuandikia faini. Pia kuna tramu T1 inayofika Piazzale Roma, magari yanapoishia.

Fundi_Saa
Kabla ya kusifia "ndani", someni anwani. Namba za nyumba Venice hazifuati mtaa, zinafuata sestiere, yaani mojawapo ya sehemu sita za mji. "Castello 5000 na kitu" inaweza kuwa popote ndani ya Castello, na namba inayofuata ikawa nyuma ya kona nyingine kabisa. Kuna wageni walipanga nyumba ya "dakika tano kutoka San Marco". Wakafika usiku, ramani ya simu ikawapeleka ukingoni mwa mfereji usio na daraja. Wakarudi nyuma, wakavuka madaraja manne, kila moja ngazi za kupanda na za kushuka, begi la kilo 28 likinyanyuliwa na watu wawili. Gurudumu likang'oka daraja la tatu. Kufika mlangoni, funguo hazipo: ziko kwenye ofisi ya wakala karibu na stesheni, na imeshafungwa. Hayo yote yalikuwa kwenye ujumbe wa kuthibitisha, aya ya mwisho. Kwa hiyo kabla hujalipa, mwulize mwenye nyumba mambo matatu: kituo gani cha boti kiko karibu, madaraja mangapi kutoka hapo hadi mlangoni, na funguo zinachukuliwa wapi.

Mwanamaji_Tanga
Asanteni. Ni Novemba, wiki ya tatu. Marco Polo, tunatua saa nne usiku. Niko na mama, mabegi mawili ya kilo 23. Mama ana shida ya magoti.

Dada_wa_Padova
Ungeanza na magoti, kaka! Madaraja ya Venice yanapita 400, na karibu yote ni ngazi. Tafuta mtaa wa Lista di Spagna: kutoka stesheni ya Santa Lucia hadi daraja la Guglie ni tambarare, huvuki daraja hata moja. Boti liko mbele ya stesheni. Tiketi moja ni euro 9.50 kwa dakika 75, pasi ya saa 72 ni euro 45, kwa hiyo ukipanda mara tano tu pasi imeshajilipa. Igusishe kwenye mashine kila unapopanda. Njia ya uwanja wa ndege haimo, iongezwe wakati wa kununua.

Msafiri_Thika
Hoja hiyohiyo inaipa Mestre ushindi. Hoteli yenye lifti, tramu hadi Piazzale Roma, boti namba 1 palepale. Daraja sifuri.

Mla_Pweza
Na mchana mama akitaka kunyoosha miguu nusu saa? Arudi Mestre?

Bi_Shuwari
Kisiwa cha Lido je? Ni tambarare, kina mabasi, na boti hadi San Zaccaria, karibu na San Marco, ni robo saa.

Fundi_Saa
Novemba hoteli nyingi za Lido zimefungwa, Bi Shuwari. Na huo ni msimu wa maji kujaa. Mageti ya MOSE, yale ya kuzuia bahari, yananyanyuliwa maji yakitabiriwa kufika sentimita 110, lakini uwanja wa San Marco uko chini, unaanza kulowa kabla ya hapo. Chukueni viatu visivyopitisha maji.

Mwanamaji_Tanga
Sawa. Chakula je? Hatuli nguruwe wala hatunywi pombe.

Mla_Pweza
Baccalà mantecato: samaki mkavu aliyelowekwa, akachemshwa, kisha akapondwa na mafuta yakimiminwa kidogo kidogo hadi awe kama krimu, akapakwa kwenye mkate. Na sarde in saor: dagaa wakubwa wa kukaanga, juu kitunguu cha siki, zabibu kavu na mbegu za msonobari. Vipolpette, vile vitonge vya nyama, uliza kwanza.

Bi_Shuwari
Huyo baccalà si ng'onda tu?

Fundi_Saa
Hapana, ng'onda ana chumvi. Wavenice wanasema "baccalà" lakini wanatumia stoccafisso wa Norway, anayekaushwa kwa upepo bila chumvi. Na saor uliza kama siki yao ni ya mvinyo, kama hilo linawahusu.

Dada_wa_Padova
Tarehe 21 Novemba ni sikukuu ya Salute, nadhiri ya tauni ya 1630. Mfereji Mkuu unawekewa daraja la muda, na wenyeji wanakula castradina, supu ya nyama ya kondoo na kabichi. Siku hiyo boti zinajaa, mama asipande saa za msongamano.

Bi_Shuwari
Mama apelekwe kisiwa cha Murano akaone kioo kinavyotengenezwa. Ushanga mwingi uliopita Zanzibar kwenda bara na misafara karne ya 19 ulitoka Venice: bomba la kioo linavutwa hadi liwe jembamba kama uzi, linakatwa vipande vidogo, vinazungushwa kwenye moto hadi kingo zilainike. Wanawake wa Castello waliutunga kwa sindano ndefu nyingi mkononi mara moja, wanazichovya sandukuni kama wanachota mchele.

Msafiri_Thika
Ule ushanga mwekundu, samsam, nao ni wa huko?

Mwanamaji_Tanga
Nimemsomea mama, ameacha habari ya malazi, anataka ushanga. Boti namba ngapi?

Bi_Shuwari
4.1 au 4.2, mshuke kituo cha Museo.

Dada_wa_Padova
Kaka, leo Alhamisi. Umelipia wapi?