Ngwe: neno la mpira au neno la shamba?

Ndugu zangu, wiki hii nimebishana na vijana wawili wa mtaani kwetu kuhusu neno moja tu, ngwe. Wao wanashikilia kwamba ni neno la watangazaji wa mpira, maana yake kipindi, na wanasiasa wamelidandia: "ngwe ya pili ya miaka mitano", "ngwe ya lala salama". Habari za shamba, walisema, ni hadithi za wazee. Mimi nasema wamekosea.

Nianze na nilichokishika kwa mikono. Kwetu Muheza, siku ya kulima bibi alikuja na kamba ya katani iliyoviringishwa kwenye vijiti viwili vya mpera. Kijiti kimoja anakichomeka pembeni mwa shamba, mtu anatembea na cha pili mpaka kamba ikaze, ukiigusa inalia. Jembe linapita kando yake kuweka alama. Kamba inahamishwa hatua sita au saba, alama nyingine. Kati ya alama hizo mbili ndipo pako. "Ngwe yako hii, mjukuu wangu, usinirukie majani." Hakuna aliyetajiwa saa ya kumaliza. Jioni bibi alipita kukagua, na alipokuta umeruka, ulirudi.

Sasa tuangalie lugha yenyewe. Tunasema ubavu, mbavu, udevu, ndevu. Vilevile ugwe, yaani kamba nyembamba au uzi, na wingi wake ni ngwe. Kamba ilitangulia, ikapima ardhi, ardhi ikarithi jina la kamba. Maana ya wakati naiona imezaliwa hapohapo shambani, kwa sababu ngwe ndiyo ilikuwa kazi ya siku. Ukisema "nimebakiza nusu ngwe" umetaja ardhi na umetaja muda kwa pumzi moja. Kutoka hapo hadi dakika 45 za uwanjani si mbali.

Kijana mmoja alinipa hoja nzito kidogo: huenda ni maneno mawili yaliyogongana kwa sauti, kama paa la nyumba na paa wa porini. Hilo hutokea kweli. Ila kati ya paa na paa hakuna daraja. Kati ya kamba, kipande cha ardhi na kazi ya siku daraja lipo, na nimelivuka kwa miguu yangu.

Wapo pia wanaotaka magazeti yaache ngwe, yabaki na muhula na kipindi. Hao nawapinga zaidi. Kipindi kinapita chenyewe hata ukilala. Ngwe haipungui usipoilima! Kiongozi akisema anaanza ngwe ya pili, basi amejipa neno zito kuliko alivyodhani, kwa sababu ngwe yake ya kwanza tuna haki ya kuipitia jioni kama bibi, kutazama aliporuka majani. Neno muhula halitupi haki hiyo. Ndiyo maana sitaki vijana waambiwe kwamba ngwe ilizaliwa redioni.

Nawaomba wa Pemba, Lamu, Pangani, Kilwa na wa bara pia: kwenu ile kamba ya kupimia bado mnaiita ugwe? Na ngwe moja ni hatua ngapi?