Nipime vipi uelewa wa wanafunzi bila kutegemea mtihani wa mwisho wa muhula peke yake?

Mwalimu wa Biolojia (swali)

Habari za kazi, walimu wenzangu. Ninafundisha biolojia wanafunzi 48 wenye umri wa miaka 14 hadi 16, na kwa miaka yote niliyofundisha nimewapima kwa njia ileile: majaribio mawili katikati ya muhula na mtihani mmoja mwishoni. Muhula uliopita lilitokea jambo lililonifanya nisiziamini tena alama zangu kama zamani. Mwanafunzi mmoja alipata 82 katika mada ya usafirishaji wa maji katika mimea, na maana ya osmosisi (maji kupenya utando kuelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi) aliiandika neno kwa neno kama nilivyoiandika ubaoni. Hata hivyo, nilipomuuliza, tukiwa bustanini, kwa nini mche uliomwagiwa maji ya chumvi hunyauka ilhali udongo wake umelowa, hakuwa na la kusema. Mwenzake aliyepata 39 ndiye aliyenieleza, bila kulitaja neno osmosisi hata mara moja, kwamba chumvi iliyo nje ya mizizi huyavuta maji yaliyo ndani.

Nimesoma kuhusu miradi, mikoba ya kazi (kazi za mwanafunzi zinazokusanywa kwa muda mrefu), mahojiano ya ana kwa ana na wanafunzi kupimana wao kwa wao. Ninachohofia kwanza ni haki, kwa sababu mzazi akiniuliza kwa nini mwanawe amepata 60 na jirani yake 75 katika mradi, nataka niwe na jibu ambalo mimi mwenyewe ninaliamini. Kisha kuna muda, maana wanafunzi 48 ni wengi. Vilevile sitaki kusahihisha kazi ya nyumbani iliyoandikwa na kaka wa mwanafunzi au na programu ya akili mnemba. Naomba waliokwisha kujaribu wanieleze wanafanyaje.

Mwalimu wa Fizikia

Pole, mwalimu mwenzangu. Lakini nakupongeza pia, kwa kuwa ulipomuuliza yule mwanafunzi jambo ambalo hakulikariri, ulikuwa tayari umepima kwa njia unayoitafuta. Kilichobaki ni kuifanya njia hiyo iwafikie wote 48 kwa usawa.

Mimi hutumia mazungumzo mafupi ya ana kwa ana, na nitayaeleza kwa kirefu kwa sababu hakuna njia nyingine iliyobadilisha ufundishaji wangu kiasi hicho. Huandaa tatizo moja lisilo na jibu ndani ya daftari. Kwa somo lako ningechukua jaribio la kisayansi la mwanasayansi Jan Baptist van Helmont, ambalo habari zake zilichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Alipanda mche katika udongo aliokwisha kuukausha na kuupima, akawa anaumwagilia maji tu kwa miaka 5; mwishowe mti ulikuwa umeongezeka uzito kwa zaidi ya kilo 70, ilhali udongo ulikuwa umepungua gramu 57 hivi. Yeye alihitimisha kwamba uzito wote ule ulitokana na maji. Mwoneshe mwanafunzi takwimu hizo, kisha umuulize: je, van Helmont alikuwa sahihi?

Kabla sijamwita mtu yeyote, huwa nimekwisha kuandika ngazi za majibu. Katika mfano huu, ngazi ya kwanza ni ya anayerudia maneno ya daftari bila kuyahusisha na takwimu. Ya pili ni ya anayeona kwamba udongo hauwezi kuwa chanzo, lakini anakubaliana na van Helmont kuhusu maji. Ya tatu ni ya anayeitaja kabonidayoksaidi ya hewani na kueleza namna inavyokuwa sehemu ya mti. Ya nne ni ya anayeweza kusema zile gramu 57 zilikwenda wapi, au kupendekeza jinsi ya kuthibitisha dai lake. Mzazi akija, humsomea ngazi hizo pamoja na maneno ya mwanawe niliyoyanukuu, na mpaka leo sijapata mzazi aliyeondoka bila kuelewa.

Kuhusu muda, dakika 4 kwa kila mmoja ni dakika 192 kwa darasa lako, nazo huwezi kuzipata kwa mkupuo. Ukiwaita wanafunzi 4 katika kila kipindi, wenzao wakiwa katika zoezi, utamaliza kwa vipindi 12. Swali kuvuja si tatizo kubwa kama linavyodhaniwa, kwa sababu aliyeletewa jibu na mwenzake hujulikana mara tu unapomuuliza "kwa nini" ya pili. Na kwa njia hiyohiyo utajua kama kazi ya nyumbani ni yake.

Kwa siku za kawaida fikiria pia njia ya Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeanza kuitumia mwaka 1991 baada ya kugundua kwamba wanafunzi wake walikokotoa vizuri lakini walikwama katika maswali mepesi ya dhana. Kila mwanafunzi hujibu swali peke yake, hujadiliana na jirani yake, kisha hujibu tena. Sitoi alama hapo, ila ndani ya dakika chache huwa nimejua darasa limekwama wapi.

Mkufunzi wa Upimaji na Tathmini

Naomba niongeze jambo kuhusu haki, kwa sababu swali limewekwa kana kwamba mtihani wa kuandika ni wa haki na njia nyingine ndizo za kutiliwa shaka. Mwaka 1912, nchini Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott walizituma karatasi zilezile za mtihani wa Kiingereza kwa walimu wa shule nyingi ili wazisahihishe. Karatasi moja ikapewa alama zilizopishana kwa zaidi ya 30 kati ya 100. Mwaka uliofuata walirudia kwa jiometri, somo ambalo wengi huliona halina utata, na pengo likawa kubwa zaidi.

Hata hivyo, tahadhari yako kuhusu mikoba ya kazi ni ya msingi. Jimbo la Vermont, Marekani, liliitumia mikoba hiyo katika uandishi na hisabati mwanzoni mwa miaka ya 1990, na watafiti wa taasisi ya utafiti ya RAND wakabaini kwamba wasahihishaji walitofautiana mno, hata alama hazikufaa kuzilinganishia shule. Watafiti haohao waliripoti kwamba walimu waliongeza kazi za utatuzi wa matatizo darasani. Kwa hiyo mimi huutumia mkoba kumwonesha mwanafunzi safari yake, wala siugeuzi kuwa tarakimu ya kupangia nafasi.

Kama ni lazima utoe alama za mradi, jaribu kulinganisha kazi mbilimbili, wazo ambalo mwanasaikolojia Louis Thurstone aliliwekea msingi wa kihisabati mwaka 1927. Huulizi kazi hii inastahili ngapi. Unaziweka mbili pamoja na kuuliza ni ipi inayoonesha uelewa zaidi, kwa kuwa binadamu hulinganisha vizuri kuliko anavyokadiria. Kila kazi ikilinganishwa mara 10, kazi 48 zinahitaji ulinganishi 240, ambao walimu watatu wakigawana kila mmoja anapata 80. Orodha hupangwa kutokana na hukumu zote kwa pamoja, hivyo hakuna mwanafunzi anayebaki mikononi mwa msahihishaji mmoja.

Mkufunzi wa Uuguzi

Kwetu sisi swali hili si la hiari, kwa sababu hatuwezi kumruhusu mtu amchome mgonjwa sindano eti kwa kuwa aliandika vizuri namna ya kuchoma. Tunatumia mtihani wa vituo, uliobuniwa na Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Uskoti, na kuchapishwa mwaka 1975. Kila mwanafunzi hupita katika vituo vilevile kwa dakika zilezile, na kila kituo kina orodha ya mambo ya kuangaliwa. Vituo 8 vya dakika 4 huchukua wanafunzi 8 kwa dakika 32, kwa hiyo 48 wanakwisha kwa zamu 6. Mwalimu hukaa katika kituo kimoja tu, vingine humwachia maandishi, michoro au vipimo. Usikubali kutumia kituo kimoja pekee, maana anayefanya vizuri kazi moja anaweza kushindwa nyingine ya mada hiyohiyo.

Mwalimu wa Hisabati

Ninakubaliana na mengi yaliyosemwa, ila nakusihi usiyatupe majaribio mafupi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha utafiti ambamo kundi moja lilisoma kifungu mara nne, na lingine lilikisoma mara moja kisha likajaribu kukikumbuka mara tatu bila kukitazama. Baada ya dakika 5 waliosoma tu walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40, na wale waliojipima asilimia 61. Jaribio linafundisha, ilimradi lisiwatishe wanafunzi. Mimi hutoa la maswali matano kila wiki, siandiki alama yoyote, na badala yake naandika sentensi moja ya kumwelekeza mwanafunzi. Utafiti wa Ruth Butler wa mwaka 1988 ulionesha kwamba wanafunzi waliopewa maoni peke yake waliendelea vizuri kuliko waliopewa alama, na kwamba waliopewa maoni pamoja na alama hawakufaidika na maoni hayo.

Mwalimu wa Biolojia

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Muhula ujao mtihani wa mwisho utabaki kwa kuwa shule inaudai, lakini nitaanza na mazungumzo ya dakika 4 katika mada mbili, na majaribio ya kila wiki yatakuwa hayana alama. Vituo nitavijaribu mara moja, wakati wa kazi za maabara. Limebaki jambo moja: ninao watatu ambao wakiitwa mbele ya mwalimu hunyamaza kabisa, na mmoja wao ndiye yule aliyepata 39; bustanini alizungumza kwa sababu mikono yake ilikuwa kwenye udongo. Nisije nikauhamisha ule uonevu kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye mdomo.

Mwalimu wa Fizikia

Usimketishe mbele ya meza yako. Mpe karatasi na kalamu, mwambie achore mti na aoneshe kwa mishale kila kinachoingia na kinachotoka, nawe ukae ubavuni mwake uulize kuhusu mshale mmojammoja: huu unaelekea wapi, na hapa mbona hujaweka? Ngazi ziwe zilezile nne. Na kama bustanini ndiko anakozungumza, basi mpimie hukohuko.