Akiolojia au ualimu? Naombeni ushauri

Nguzo ya Isimila: Habari za jioni wakuu. Nimemaliza kidato cha sita, HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza). Nimechaguliwa akiolojia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ualimu chuo kingine. Siku ya tatu silali. Akiolojia ina ajira kweli?

Mama Neema: Ualimu, mwanangu. Mimi nilianza kazi Newala, maji tunanunua kwa ndoo, lakini watoto wangu wanne wamesomea mshahara ule.

Mzalendo Halisi: Nchi ina nyayo za binadamu wa kale za Laetoli, za miaka milioni 3.6, magofu ya Kilwa Kisiwani yamo urithi wa dunia tangu 1981, halafu kijana anauliza ajira! Nani atachimba, wageni tu?

Mwiko na Brashi: Uzalendo haulipi kodi, mkuu. Dogo, nimeisoma hiyo kozi. Idara ya Mambo ya Kale, Makumbusho ya Taifa, Ngorongoro: nafasi chache, foleni ndefu. Wengi tunaishi kwa tathmini za miradi. Kabla barabara au bomba halijapita, sisi tunatangulia kukagua kama kuna mabaki ya kale. Mkataba miezi mitatu, kisha unakaa. Jifunze ramani za kompyuta mapema. Fildi utachimba shimo la mraba, mita moja kila upande, unashuka sentimita kumi kumi, unachekecha udongo wote kutafuta vigae vya vyungu vya kale. Mimi naipenda mpaka leo. Umeshathibitisha wapi?

Nguzo ya Isimila: Akiolojia, wiki iliyopita. Ila sikukurupuka. Darasa la sita tulipelekwa Isimila, kule Iringa kwenye zana za mawe za kale, nikashika shoka la jiwe. Lilikaa kiganjani kama nimechongewa mimi.

Mwiko na Brashi: Sasa ushauri wa nini?

Nguzo ya Isimila: Baba anajua naenda ualimu. Ameuza ng'ombe wawili. Nitamwambia nikishapata kazi.

Mama Neema: Miaka mitatu ya uongo, mwanangu?

Kipanga: Hii chai. Barua ya udahili ina jina la kozi. Mzee auze ng'ombe bila kuisoma? Msipoteze bando zenu.

Nguzo ya Isimila: Baba hajui kusoma. Barua nilimsomea mimi.

Kipanga: Samahani, mdogo wangu.

Mama Neema: Yupo hapo nyumbani sasa hivi?

Nguzo ya Isimila: Yupo, mama. Anafungia waliobaki.