Akaunti moja ya muziki, simu mbili, kompyuta na bafle: kulipia zaidi au kupanga upya?

Sebene_Himbi (Goma)
Wandugu, hali ni hii: akaunti moja ya kulipia ya Spotify, mpango wa mtu mmoja. Iko kwenye simu mbili za Android, kompyuta na bafle (spika) ya Wi-Fi. Simu moja ikianza, nyingine inanyamaza. Kompyuta inapiga matangazo kana kwamba hakuna aliyelipa. Simu ya pili imepoteza nyimbo zote zilizopakuliwa. Nalinganisha njia tatu: mpango wa familia wa Spotify, kuhamia Apple Music, au kubaki na huu na kupakua kila kitu. Saluni yetu ya Birere nayo ingetumia hiyo hiyo.

Fundi_Kadutu (Bukavu)
Usilipe kitu kwanza. Hizo ni shida tatu tofauti, na pesa inatibu moja tu.

Matangazo kwenye kompyuta: hapo una akaunti mbili, hujui tu. Ukijisajili kwa barua pepe kwenye simu, halafu kwenye kompyuta ukabonyeza kitufe cha Facebook au Google chenye anwani nyingine, Spotify inakufungulia akaunti mpya ya bure, kimya kimya. Fungua ukurasa wa akaunti kwenye kila kifaa, linganisha barua pepe na jina la mtumiaji. Yasipofanana, toka, kisha ingia kwa njia ile ile uliyolipia.

Simu kunyamaza: hilo si kosa. Mpango wa mtu mmoja hauhesabu vifaa vingapi vimeingia, unahesabu vingapi vinacheza mtandaoni kwa wakati mmoja, na jibu ni kimoja. Apple Music ya mtu mmoja ina sheria hiyo hiyo, kwa hiyo kuhamia huko kwa sababu hii ni kubeba mzigo uleule begani kwingine.

Nyimbo kupotea kuna njia kadhaa. Simu isipoingia mtandaoni walau mara moja ndani ya siku 30, zinafutika. Ukipakua kwenye kifaa cha 6, kile ambacho hakijatumika muda mrefu zaidi kinanyang'anywa zake, maana mwisho ni vifaa 5, nyimbo 10,000 kila kimoja. Kuondoa programu na kuiweka upya kunafuta. Kuchomoa kadi ya kumbukumbu pia.

Lushois_wa_Kenya (Lubumbashi)
(Kenya ya hapa, komini, si nchi.) Naongeza upande wa mega (data ya intaneti), maana ndipo ulinganisho unapoamuliwa. Kusikiliza mtandaoni kwa saa moja: kiwango cha sauti cha 24 kbps (kilobiti kwa sekunde) kinakula kama MB 11, cha 96 kama MB 43, cha 160 kama MB 72, cha 320 kama MB 144. Sasa piga hesabu ya kupakua. Wimbo wa dakika 4 kwa 160 ni MB 4.8, nyimbo 100 ni MB 480. Lakini nani hapa anasikiliza wimbo wa dakika 4? Rumba ya dakika 8 yenye sebene (sehemu ya gitaa ya kuchezea) ni karibu MB 10, basi weka MB 960 kwa 100. Ukiusikiliza wimbo mara mbili tu, kupakua kumeshinda.

Na hapo kuna ufumbuzi wa simu kunyamaza: pakua kwenye simu ya pili, washa hali ya nje ya mtandao ndani ya programu yenyewe. Simu hiyo haihesabiwi, ya kwanza inaendelea mtandaoni. Usisahau kuizima mara moja kila wiki tatu hivi ili leseni ijisasishe.

Simu za Tecno, Infinix na Itel: iondoe programu ya muziki kwenye mpangilio wa kubana betri, la sivyo skrini ikizima muziki unakatwa na mtu analaumu akaunti.

Dada_Ibanda (Bukavu)
Mpango wa familia una masharti ambayo watu hawasomi: hadi watu 6, wote anwani moja. Shangazi aliyeko Uvira haingii. Ila kila mtu anapata akaunti yake, na orodha zenu hazichanganyiki. Apple Music ya familia nayo ni hadi watu 6.

Saluni iondoe kwenye hesabu. Akaunti hizi ni za matumizi binafsi. Kupigia wateja muziki ni jambo la haki za waandishi, na kwetu linapita SOCODA, shirika la Kongo la haki hizo.

Fundi_Kadutu
Dada amesema kweli. Kuhusu bafle: simu na bafle ziwe Wi-Fi moja, la sivyo huenda isionekane kwenye alama ya vifaa ndani ya programu. Ikicheza yenyewe nyimbo zisizo zako, mtu mwingine ameingia. Tumia kitufe cha kutoka kwenye vifaa vyote, badilisha nywila, kisha ondoa bafle kwa mkono. Vifaa vya namna hiyo wakati mwingine havitoki na vingine.

Lushois_wa_Kenya
Kompyuta ikikataa kuingia baada ya umeme kukatika, tazama saa yake. Betri ndogo ya ubaoni ikifa, tarehe inarudi miaka nyuma, na vyeti vya usalama vinakataliwa. Rekebisha tarehe kabla ya kugusa nywila.

Sebene_Himbi
Barua pepe ni mbili kweli. Swali moja: kompyuta inatumia hotspot ya laini ya Rwanda. Ina madhara?

Fundi_Kadutu
Kwa Premium (ile ya kulipia), hapana. Kwa ile ya bure, ndiyo: inakubali siku 14 nje ya nchi uliyosajili, kisha inakukatalia. Ukiwa kwenye laini ya Kongo, ingia kwa kivinjari na urekebishe nchi hapo. Na kwenye simu zima uteuzi wa mtandao wa kiotomatiki. Karibu na mpaka inashika mnara wa ng'ambo, na vitengo vyako (salio) vinaisha wimbo ukiwa bado kwenye utangulizi.