Browning ya zamani ya jeshi: nibadilishe nini kabla ya kuijaribu uwanjani?

Mkaazi wa Nyali
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Ninamiliki kwa cheti halali bastola ya Browning Hi-Power iliyowahi kutumika jeshini, na maandishi yake yanaonyesha kuwa ilitengenezwa na kiwanda cha Inglis, Kanada, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Triga ni nzito, vibao vya mpini vimepasuka, na kilenga shabaha cha mbele ni kidogo mno kwa macho yangu. Nianzie wapi, na kipi nisikiguse?

Fundi wa Changamwe
Waalaykum salaam, bwana. Kazi yoyote ya chuma ipeleke kwa fundi aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ukiwa na cheti chako mkononi, na namba ya silaha isiguswe hata kwa msasa. La kwanza ni springi. Springi ya slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila unapofyatua) ikishachoka, slaidi hujigonga kwa nguvu kwenye fremu kila risasi inapotoka, na chuma cha umri huo hakifai kubebeshwa kipigo hicho. Uzito wa triga unatokana kwa sehemu na kizuizi kinachozuia bastola isifyatuke magazini, yaani kisanduku cha risasi, ikiwa nje. Wengi hukiondoa, lakini mimi sikubali, kwani kimewekwa kwa usalama, na fundi akilainisha tu pale kinaposuguana na magazini utaona tofauti. Vibao vya mpini badilisha upendavyo.

Mlengaji wa Likoni
Uwanjani, tumia risasi mpya za milimita 9 za nguvu ya kawaida, zenye ncha ya mviringo iliyofunikwa shaba. Mitutu ya wakati ule ilichongwa kwa ajili ya risasi za kijeshi, na zile zenye tundu kwenye ncha hukwama zikiingia. Mbele ya msimamizi, anza kwa kuweka risasi moja kwenye magazini, kisha mbili, na zikitoka zote mbili kwa mvuto mmoja wa triga, simama hapo hapo na uirudishe kwa fundi. Ikitulia, egemeza mikono juu ya mfuko wa mchanga, mita 15 kutoka kwenye shabaha, upige tano tano bila kurekebisha lengo katikati. Tazama matundu yamekusanyika wapi ndipo uamue: kilenga cha nyuma husogezwa upande ule unaotaka risasi ziende, na kilenga cha mbele kikiwa kirefu zaidi, risasi hushuka. Kwa hiyo usinunue kirefu kabla ya kujua kama bastola yako inapiga juu au chini.

Mzee wa Mji wa Kale
Naongeza jambo linalotuhusu sisi wa pwani. Ukipewa risasi za akiba ya vita, fahamu kwamba nyingi zina fataki (kile kifuniko kidogo cha kitako cha risasi kinachowasha baruti) inayoacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo huvuta unyevu. Mafuta peke yake hayaiondoi. Osha mtutu kwa maji ya moto siku hiyo hiyo, ukaushe kabisa, ndipo upake mafuta mepesi. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwa maana ngozi hushika unyevu wa bahari. Ifungie kwenye sefu pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uvibadilishe mara kwa mara. Vibao vya zamani, hata vimepasuka, vitunze pamoja nayo, na mtu asikushawishi kuing'arisha kwa nikeli, kwani mkusanyaji atakayeinunua kesho atataka kuiona kama ilivyotoka Kanada.

Mkaazi wa Nyali
Ahsanteni sana. Nitaanza na springi, na kilenga cha mbele kitasubiri majibu ya uwanjani.