CEA kila dripu ya nini wakati kinyama cha uvimbe hakijapimwa EGFR? Tujadili kansa ya mapafu

Wakuu habari zenu. Hili limetugawa kwenye familia mpaka leo. Baba mdogo aligundulika na kansa ya mapafu, aina inayoitwa adenokasinoma, ikiwa imeshafika kwenye ini, akaanzishiwa kemo, na pale alipokuwa anatibiwa kila kabla ya dripu lazima tulipie CEA na CYFRA, vipimo vya damu vya alama za kansa. Namba ikishuka nyumba nzima tunapumua, ikipanda shangazi hali chakula. Na dawa ikabaki ileile mizunguko yote! Sasa kipimo kisichobadilisha matibabu tunakilipia cha nini?

Sisemi havina maana. Namba zikiwa juu sana toka mwanzo, mara nyingi ugonjwa ni mzito. Ila CEA inapanda hata kwa mvuta sigara asiye na kansa, inapanda kwenye magonjwa ya ini, na mwanzoni mwa kemo inaweza kuruka juu kidogo halafu ikashuka huku dawa inafanya kazi vizuri tu, kwahiyo kumhesabia mtu miezi kwa karatasi ya maabara mi naona ni kumuonea. Ukimuangalia mgonjwa anaamka na kuoga mwenyewe au yupo kitandani kutwa nzima, hiyo nayo inakwambia mengi, na ni bure.

Kinachoniuma ni EGFR, yaani kuchukua kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe na kuangalia kama jeni ya EGFR imebadilika. Mwaka 2009 yalitoka majibu ya utafiti wa IPASS kule Asia, wagonjwa 1,217, adenokasinoma, karibu wote hawajawahi kuvuta. Wenye badiliko la EGFR, vidonge vya gefitinib vilipunguza uvimbe kwa watu kama 71 kati ya 100, kemo 47. Wasio nalo vidonge vilisaidia mtu 1 tu kati ya 100, kemo 23 na ushee. Yaani kipimo kimoja kinakwambia upewe dawa ipi. Na baba mdogo hajawahi kushika sigara!

Kaka yangu anabisha, anasema EGFR ni ghali, majibu yanachelewa, na hata ukikutwa nalo hivyo vidonge utavinunua na nini, bora CEA kuliko kukaa gizani. Hoja ya bei naielewa kabisa, ndo maana nasema bima ilipie EGFR kwanza kabla ya CEA za kila mzunguko. Ila hilo giza halikutoka, tulikuwa tunalilipia.

Wenye wagonjwa waliopimwa, kinyama kilipelekwa wapi na dawa mlipataje? Sisi tulikuja kuuliza mzunguko wa nne, tukaambiwa kilichobaki hakitoshi kupima.