Vumbi la mbao nyumbani: mashine ya dukani, ya kuchomelewa na fundi, au vakyumu na ndoo?

Seremala_Kira
Wakubwa, habari zenu. Nina karakana ndogo nyumbani, huku Kira nje kidogo ya Kampala, na vumbi limenishinda. Mke wangu ameshatoa onyo: nikiingia tena sebuleni na kichwa cheupe nitalala hukohuko na mbao. Pesa nataka kuitoa wiki ijayo na nimebaki na njia tatu. Kuna mashine ya kufyonza vumbi ya dukani, ya Kichina, hospawa 2, ina mfuko wa kitambaa juu na wa nailoni chini. Kuna fundi wa Kisenyi, Kampala, wale wanaotengeneza vinu vya posho, anasema atanichomelea feni na saikloni ya mabati (lile pipa refu linalozungusha hewa ili vumbi lidondoke chini) kwa karibu nusu ya bei hiyo. Halafu kuna rafiki yangu anayesisitiza nichukue vakyumu ya kawaida niiwekee ndoo mbele. Ipi bora? Nisaidieni.

FundiWaya_Tororo
Kaka, hilo ni kama kuuliza nauli bila kusema unakwenda wapi. Una mashine gani? Chumba kina ukubwa gani? Umeme wako ni fezi moja au fezi tatu? Jirani yuko mita ngapi kutoka ukutani?

Mama_Maranda
Na mbao gani? Mtu wa msonobari na mtu wa mvule hawalazwi wodi moja.

Ndoo_Mbili
Vakyumu na ndoo, maliza mjadala. Mimi ninayo huku Jinja mwaka wa tatu. Ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko mzuri, saikloni ndogo ya plastiki juu yake, mpira mmoja uende kwenye vakyumu, mwingine kwenye mashine. Takataka karibu zote zinabaki kwenye ndoo na filta haizibi kila baada ya dakika kumi. Haichukui nafasi, haipigi kelele nyingi, unaihamisha kwa mkono mmoja.

Seremala_Kira
Asanteni. Msumeno wa meza wa inchi 10, mashine ya randa ya inchi 12 (ile ya kupitisha ubao), na mashine ya msasa ya mkono. Chumba ni gereji ya gari moja. Mbao ni mchanganyiko: mkalitusi, mkangazi kidogo, na sasa nina oda ya meza ya mvule.

FundiWaya_Tororo
Fezi hujasema.

Kona_Pana
@Ndoo_Mbili wewe unatumia mashine gani hasa? Maana vakyumu na msasa ni mtu na mkewe, sikatai. Randa ya inchi 12 ni habari nyingine. Vakyumu inavuta kwa nguvu kwenye tundu dogo, lakini hewa inayopita ni kidogo. Randa inataka hewa nyingi: angalau mita za ujazo 600 kwa saa, na kwa inchi 12 ongeza kidogo. Vakyumu ya nyumbani haifiki hata nusu yake. Mpira wa inchi moja na nusu utaziba kwa maranda marefu ya mkalitusi kabla ubao wa tatu haujatoka.

Ndoo_Mbili
Msasa na jigso. Kazi ya randa napeleka kwa watu wa mbao wa Ndeeba, Kampala, nikinunua mbao, wananipigia hukohuko.

Kona_Pana
Si ndiyo hiyo. Ushauri wako ni wa mtu ambaye vumbi lake liko Ndeeba.

Mzee_wa_Mvule
Vijana, kabla ya mashine, niseme juu ya huo mvule. Nimeukata tangu 1984. Kwa miaka mingi niliamini kuwasha kwa kope na kutoka damu puani ni sehemu ya kazi, kama sugu za mikono. Baadaye kifua kikaanza kubana kila jioni baada ya kupiga msasa, Jumapili kinaachia, Jumatatu kinarudi. Daktari aliuliza swali moja tu: "Ukipumzika kinapona?" Nikasema ndiyo. Akaniambia basi ni mvule. Na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililiweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza mwaka 1995, kundi la vitu vilivyothibitika, hasa saratani ya pua kwa watu wa mbao ngumu. Maranda unayoyaona sakafuni hayana neno, unafagia. Linaloua ni lile usiloliona, linaloelea saa nzima baada ya mashine kuzimwa. Kwa hiyo ukinunua mashine ya dukani uliza mfuko unachuja mikroni ngapi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Mifuko mingi ya bei nafuu ni ya mikroni 30. Huo unakusanya maranda na kukupulizia unga mwembamba usoni. Tafuta wa mikroni 1.

Seremala_Kira
Mzee asante. Muuzaji nilipomuuliza alisema "mfuko ni original".

Mama_Maranda
😂 Original ya mikroni ngapi?

Bwana_Feni
Ngoja niwasimulie habari ya njia ya pili, kwa sababu niliifanya mwaka 2021, huku Mukono, na bado sijapatana vizuri na jirani.

Fundi wa vinu alinitengenezea kitu kizuri, kweli. Saikloni ya mabati yenye urefu wa kunizidi, feni yenye mapanga sita, mota ya hospawa 3. Chini akafunga gunia kwa mpira wa tairi, kama kwenye kinu cha posho. Juu, bomba la kutolea hewa tukalipitisha ukutani moja kwa moja hadi nje. Kitambaa cha kuchuja cha nini, wakati hewa inakwenda nje? Miezi miwili nikawa mfalme. Gereji safi, hata simu yangu ilikuwa haina vumbi.

Jumamosi moja nina mbao za mkangazi arobaini za kupitisha kwenye randa. Nimevaa vya kuzuia kelele masikioni, napitisha tu. Kumbe gunia limejaa. Na saikloni ikijaa chini haisemi, haipigi honi: kila kinachoingia kinatokea juu. Upande wa pili wa ukuta mama mmoja ameanika mukene wake (dagaa) kwenye nyavu, mukene wa wiki nzima, wa kuuza. Nilitoka nje kunywa maji nikamkuta amesimama, mikono kiunoni, na mukene umekuwa mwekundu kama umepakwa pilipili. Hakunitukana. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Saa kumi mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, alikuwa chini ya mfenesi wangu na wazee wawili. Niliulizwa kama mashine hiyo ina kibali. Kibali cha feni, jamani! Nililipa mukene wote, nikahamisha mdomo wa bomba kuelekea kwenye migomba yangu mwenyewe, na nikaweka kidirisha cha plastiki ngumu kwenye shingo ya saikloni nione gunia likijaa. Mpaka leo mukene ananiuzia bei ya mgeni.

Kona_Pana
Pole sana mkuu. Lakini umesema jambo la maana bila kujua. Saikloni ya kinu cha posho inasukumwa: feni iko kabla yake, inapuliza unga ndani. Ndiyo maana gunia la kufungwa kwa mpira wa tairi linatosha. Wanaoiga michoro ya mtandaoni wanaweka feni BAADA ya saikloni, ivute. Hapo chini pakivuja hata upenyo wa kucha, hewa inaingia kwa chini na kubeba vumbi lote juu tena. Ukitaka ya kuvuta, pipa liwe la chuma na mfuniko wenye mpira. Pipa la plastiki litajikunja kama kopo la soda siku bomba likiziba.

Ndoo_Mbili
Ya kusukuma nayo inapitisha kila kipande cha mbao kwenye mapanga ya feni. Siku kipande cha fundo kikipita utasikia.

Kona_Pana
Ndiyo maana mapanga yanakuwa ya chuma.

Ndoo_Mbili
Na msumari ukipita kwenye mapanga ya chuma?

Kona_Pana
Kwani wewe unapitisha misumari kwenye randa?

Bwana_Feni
Mbao za Kampala zina kila kitu. Nimewahi kukuta risasi ndani ya mvule.

Mama_Maranda
Mimi nasema hewa itoke nje, ila kwa akili. Wazungu wanahangaika na filta za bei ya pikipiki kwa sababu wakitoa hewa nje wakati wa baridi wanatoa na joto la hita. Sisi hita gani? Fungua mlango, toa hewa nje, kunja mdomo wa bomba utazame kwako. Jirani akiwa karibu ndiyo unanunua filta nzuri. Hatujaambiwa jirani yuko wapi.

Seremala_Kira
Jirani yuko kama mita 4 hivi. Ana watoto wadogo. Kwa hiyo nje hapana, naona. Bomba je? Nimefikiria zile nyeupe za maji taka za inchi 4.

Chuma_Tu
Usiweke plastiki! Inatengeneza umeme wa msuguano, cheche moja na gereji inalipuka. Weka bomba za mabati.

FundiWaya_Tororo
Plastiki itakupiga shoti kidogo ukiigusa wakati wa kiangazi, hilo kweli. Unaweza kuzungusha waya wa shaba ulio wazi ukaufunga kwenye ethi (waya wa ardhini), utasaidia mkono wako usishtuke. Lakini plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo usidhani bomba zima limekuwa salama kwa waya mmoja. Milipuko ya vumbi ni ya viwandani, ambako unga mwingi unaning'inia hewani mahali palipofungwa. Nyumbani mnachoma karakana kwa njia rahisi zaidi.

Mzee_wa_Mvule
Kweli. Mwanafunzi wangu alinoa panga kwa grinda pembeni ya rundo la maranda saa kumi na moja jioni. Tulifunga tukaenda. Cheche ililala humo kama makaa ndani ya majivu, saa tano usiku ndiyo moto ukaamka. Grinda ikae chumba kingine kabisa.

Kona_Pana
Kuhusu bomba la inchi 4: ili vumbi lisilale njiani hewa iende kama mita 20 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo inchi 4 inapitisha kama mita za ujazo 565 kwa saa, chini kidogo ya inayotaka randa. Ina maana unahudumia mashine moja kwa wakati mmoja, na kila tawi liwe na kilango cha kufunga. Usitumie kiungo cha tii (T) cha pembe mraba, tumia cha wai (Y). Kona badala ya moja kali weka mbili za nyuzi 45. Na mpira ule wenye mikunjo uwe mfupi kabisa, unakula hewa kuliko kona.

Chuma_Tu
Bado nasema mabati.

FundiWaya_Tororo
FEZI, Seremala_Kira. Nakuuliza mara ya tatu. Hospawa 2 ni karibu wati 1,500. Msumeno wako wa meza labda 1,800. Plagi moja ya ampia 13 mwisho wake ni kama wati 3,100, na mota zikiwaka pamoja zinavuta mara kadhaa ya hapo. Waya tofauti, na washa feni kwanza, hesabu tano, ndipo msumeno. Halafu soma kibati cha mota ya huyo fundi wa Kisenyi. Kuna mota za mtumba zimetoka Marekani, zimeandikwa 60. Huku kwetu ni hezi 50. Itazunguka polepole kwa karibu sehemu moja ya sita, itavuta hewa kidogo na itachemka.

Pasi_ya_Arua
Samahani kuingilia. Hayo maranda mnayatupa? Nina kuku 300 wa mayai.

Mama_Maranda
Nani anatupa! Karibu ndugu. Lakini kwa kuku chukua maranda makavu ya randa, si unga wa msasa. Unga unawasumbua kuku pumzi. Na mbao zilizotiwa dawa, hapana.

Pasi_ya_Arua
Gunia shilingi ngapi huko, mama? Na basi la usiku linakubali kubeba?

Bwana_Feni
Hata mimi ninayo, ya mkangazi. Magunia saba. Bila mukene.

Seremala_Kira
Nimetoka kuangalia mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla: fezi moja. Nimempigia wa Kisenyi nikamuuliza kibati cha mota. Amesema kilibanduka wakati wa kupaka rangi. Ila ameshusha bei kwa laki mbili na anataka nusu leo kabla ya saa kumi na mbili.

FundiWaya_Tororo
Kilibanduka.

Mzee_wa_Mvule
Mwanangu, wakati unafikiria, nunua barakoa ya mpira yenye vichujio viwili pembeni, leo. Si ile ya bluu ya hospitali. Oda ya mvule haitasubiri mjadala huu uishe.

Kona_Pana
Nunua feni na mota ya dukani, saikloni tu ndiyo achomelee wa Kisenyi. Ya kuvuta, pipa la chuma, na filta ya mikroni 1 kwa ajili ya hao watoto wa jirani.

Ndoo_Mbili
Au upeleke randa Ndeeba.

Mama_Maranda
@Pasi_ya_Arua njoo ndani kwenye ujumbe tuongee gunia. Ya msonobari nakupa yote. Ya mvule abaki nayo huyo wa Kira.